Je, wajua? Kwa nini marejesho ya kodi ya jimbo huhesabiwa kipato kwa mtu mmoja, na kwa jirani yake hayahesabiwi

Mfanyakazi wa Marekani akikatwa kodi ya jimbo kupita kiasi, jimbo humrudishia ziada. Januari inayofuata hupata fomu ya 1099-G, kwa posta au mtandaoni. Kisanduku cha 2 kinaonyesha alichorudishiwa, na kisanduku cha 3 kinataja ni kodi ya mwaka gani. IRS, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, nayo hupata nakala. Hapo ndipo watu wengi huingiza kiasi chote kwenye ritani, yaani fomu ya mwaka ya kodi ya serikali kuu, na kukilipia kodi wasiyodaiwa.

Fomu hiyo si ankara. Inasema tu kwamba fedha zilirudi. Kama zinatozwa kodi au la, jibu limo kwenye ritani ya mwaka uliotangulia: je, kodi ile ya jimbo uliitumia kupunguza kodi ya serikali kuu?

Sheria ya Marekani humpa mlipakodi njia mbili za kupunguza kipato kinachotozwa. Ya kwanza ni makato ya jumla, kiasi kilichopangwa na sheria ambacho huchukuliwa bila risiti. Kwa mwaka 2024 kilikuwa dola 14,600 kwa mtu asiye na ndoa, na dola 29,200 kwa mke na mume wanaojaza pamoja. Ya pili ni kuorodhesha matumizi yako kwenye Jedwali A, kiambatisho cha ritani: kodi ya jimbo, kodi ya nyumba, riba ya mkopo wa nyumba, misaada kwa asasi za hisani. Aliyechukua makato ya jumla hakuitumia kodi ya jimbo hata senti moja, kwa hiyo marejesho yake si kipato, na kwa walio wengi habari inaishia hapo. Aliyeorodhesha alishapata nafuu kwa fedha ambazo baadaye zimemrudia mfukoni. Nafuu hiyo ndiyo inayodaiwa. Msingi wake ni kifungu cha 111 cha sheria ya kodi, na kipimo chake ni nafuu uliyoipata kweli, wala si ukubwa wa hundi.

Tuchukue mtu asiye na ndoa aliyeorodhesha mwaka 2024: kodi ya jimbo dola 6,200, kodi ya nyumba 3,000, riba 6,500, misaada 400. Jumla ni 16,100, yaani 1,500 zaidi ya makato ya jumla. Akirudishiwa dola 900 mwaka 2025, zote 900 ni kipato cha 2025. Akirudishiwa 2,000, kipato ni 1,500 tu. Kwa nini? Kwa sababu kama angekatwa kodi sahihi tangu mwanzo, orodha yake ingefika 14,100, naye angechukua 14,600 za jumla. Kuorodhesha kulimpa 1,500, basi hakuna zaidi ya hiyo ya kurudisha.

Kuna kizuizi kingine ambacho hata programu za kujazia ritani hukikosea usipoziingizia takwimu za mwaka uliopita. Kuanzia 2018 hadi 2024, kodi zote za jimbo na za mitaa zilizoweza kuorodheshwa hazikuruhusiwa kuzidi dola 10,000. Aliyelipa 8,000 za jimbo na 4,300 za nyumba alilipa 12,300 lakini akaandika 10,000. Akirudishiwa 1,000, bado kodi yake halisi ni 11,300, juu ya ukomo. Kwa hiyo hana kipato chochote cha kutaja. Akirudishiwa 2,900, kodi halisi hushuka hadi 9,400, na 600 ndizo zinazohesabiwa, ikiwa makato yake mengine yanamweka mbali juu ya kiwango cha jumla. Kwa mwaka 2025 ukomo umepandishwa hadi dola 40,000, ingawa hupungua kwa wenye kipato kikubwa. Kwa hiyo wengi ambao kinga yao ilikuwa ukomo wa zamani wataona marejesho wanayopokea 2026 yakitozwa. Wasijaze kwa mazoea.

Texas na Florida hazina kodi ya jimbo kwenye mshahara, hivyo wakazi wake kwa kawaida hawalioni suala hili. Wanaolisahau sana ni wanafunzi. Mwanafunzi kutoka Tanzania au Kenya mwenye viza ya F-1, ambaye bado anajaza 1040-NR, ritani ya wageni wasiohesabiwa wakazi kikodi, haruhusiwi makato ya jumla. Akifanya kazi kwenye jimbo lenye kodi, karibu kila mara huwa ameiorodhesha kodi hiyo kwenye Jedwali A la fomu yake, hata kama mshahara wake ni mdogo. Marejesho yake ya mwaka unaofuata basi huwa kipato, wakati mwenzake Mmarekani wa darasa moja hadaiwi kitu.

Hesabu yenyewe hufanywa kwenye karatasi ya kazi iliyo katika maelekezo ya fomu ya 1040, ritani ya kawaida ya mtu binafsi, au ile ndefu iliyo katika chapisho la 525 la IRS ukiwa na mambo ya ziada, kwa mfano marejesho ya zaidi ya mwaka mmoja. Kuwa na ritani ya mwaka jana mkononi, hasa Jedwali A mistari ya 5a hadi 5e. Jibu huandikwa Jedwali la 1, mstari wa 1. Ukiwa uliliambia jimbo lisikupe fedha bali lizihamishie kodi ya mwaka unaofuata, bado zimehesabiwa kuwa umezipokea. Na riba ambayo jimbo hulipa kwa kuchelewesha marejesho hutozwa kodi daima, hata kwa aliyechukua makato ya jumla. Huandikwa pamoja na riba nyingine.

Aliyekwisha kulipa kodi kimakosa anaweza kuirekebisha ritani kwa fomu ya 1040-X, kwa kawaida ndani ya miaka 3 tangu alipoiwasilisha.