Chakula cha njaa hakikumwagwa kutoka angani

Wengi hudhani kwamba ndege za C-130 za jeshi la Marekani, zilizoruka kutoka Uwanja wa Moi, Mombasa, tangu Agosti 1992 kupeleka chakula Somalia, ziliangusha magunia kwa miavuli. La. Kwa kawaida zilitua, Baidoa kwa mfano, kwenye viwanja vifupi.

Magunia hupangwa juu ya mapaleti (majukwaa bapa ya mizigo) ya alumini, yakafungwa kwa nyavu, kisha yakasukumwa ndani juu ya vigurudumu vya sakafuni. C-130 ya kawaida hubeba mapaleti sita. Kila paleti hupimwa, kwani uzito ukielemea mkiani ndege hushindwa kudhibitiwa. Kwa vile kule Somalia wakati huo hakukuwa na mafuta ya kujaza, ya kurudia yalichukuliwa Mombasa, na kila tani ya mafuta huweza kula nafasi ya tani ya mtama. Injini mara nyingi haizimwi wakati wa kupakua: ikigoma kuwaka, nani ataitengeneza pale?

Ndege ikibeba tani 10 kwa safari, hayo ni magunia 200 ya kilo 50. Meli moja ya tani 20,000 ikifunga gati Kilindini ni sawa na safari 2,000 za namna hiyo. Ndege ni ya dharura, barabara zikiwa hazipitiki.