Mtoto hakubemendwa, ana utapiamlo

Huku Mtwara na Lindi, mtoto akivimba miguu, nywele zikawa nyepesi na nyekundu, kuhara na kifua haviishi, watu husema kabemendwa: wazazi wamekutana kimwili naye bado ananyonya, au mmoja katoka nje ya ndoa. Mama husemwa, mtoto hufichwa ndani. Inaniuma, maana siku hizo za kufichwa ndizo zinazoua.

Anachougua ni utapiamlo. Mara nyingi kaachishwa ziwa, akabaki na uji mtupu wa muhogo, unaoshibisha lakini una protini kidogo mno. (Mimba ya haraka huchangia, kwa kumkatiza ziwa mapema. Tendo la ndoa lenyewe haliharibu maziwa.) Kinga ya mwili inahitaji protini, vitamini A na zinki. Vikikosekana, tezi ya thaimasi, inayokomaza chembe za kinga, husinyaa, na ukuta wa utumbo hudhoofika ukapitisha vijidudu. Kuhara humpotezea virutubisho, kinga ikashuka zaidi. Surua au nimonia ikimkuta, humlemea haraka.

Tena mwili uliodhoofika sana unaweza kushindwa hata kupandisha homa. Mtoto hachemki, kumbe ana maambukizi makali. Ndiyo maana wanaolazwa kwa utapiamlo mkali hupewa antibiotiki hata bila homa.

Anyonye hadi miaka 2 au zaidi, na kuanzia miezi 6 uji utiwe karanga au dagaa wa kusaga. Miguu yote miwili ikivimba, au mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.