Mwanga, chembe za nano na hewa ya ukaa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuna mbinu ya kutumia mwanga na chembe ndogo mno kugeuza hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) kuwa kemikali kama methanoli na methani. Haya ndiyo yanayosemwa kuihusu.

"Ni uvumbuzi wa juzi tu." Mwaka 1979 Inoue, Fujishima, Konishi na Honda walichapisha matokeo ya kupata asidi fomiki, formaldehaidi na methanoli kwa kumulika unga wa nusukipitishi (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu) ndani ya maji yenye kaboni dioksidi. Kilichokuja baadaye ni ufundi wa nano, yaani wa chembe zinazopimwa kwa nanomita, sehemu ya bilioni ya mita.

"Mwanga ndio unaovunja hewa ya ukaa." Mwanga unaoonekana hupita tu, gesi hii haiufyonzi. Kinachoufyonza mwanga ni kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha), yaani ile nusukipitishi, kwa mfano titani dioksidi. Elektroni ya kichocheo hurushwa kutoka mahali pake na kuacha tundu lenye chaji chanya. Isipowahi kufika kwenye uso wa chembe, inakokutana na hewa ya ukaa, hurudi tunduni na nishati yote hupotea kama joto. Chembe ndogo hufupisha safari hiyo na kuongeza uso: kata mchemraba wa sentimita 1 uwe vichemraba vya nanomita 1, na jumla ya nyuso itapanda kutoka sentimita za mraba 6 hadi mita za mraba 6,000. Ila usidhani kadiri chembe inavyopungua ndivyo mambo yanavyonoga. Ikiwa ndogo mno, huanza kudai mwanga wenye nishati kubwa zaidi, na tayari titani dioksidi hutumia miale ya urujuanimno pekee, ambayo ni takriban asilimia 5 ya nishati ya jua.

"Methani ikionekana kwenye chombo, imetoka kwenye hewa ya ukaa." Hapa ndipo wengi huteleza, wataalamu wakiwemo. Vichocheo vingi hutengenezwa kwa kemikali zenye kaboni, na mabaki yake hung'ang'ania kwenye chembe. Mwanga ukiyapiga, nayo hutoa methani na monoksidi ya kaboni. Mazao ya majaribio haya hupimwa kwa mikromoli, kipimo cha kiasi kidogo sana cha kemikali; mikromoli 10 za methani ni miligramu 0.16 tu, kiasi ambacho uchafu unaweza kukitoa bila shida.

Dawa yake ni kulisha mtambo hewa ya ukaa yenye kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida. Methani iliyotokana nayo itakuwa na uzito wa molekuli 17 badala ya 16. Jaribio lirudiwe pia kwa agoni (gesi isiyo na kaboni) peke yake: mazao yakiendelea kutoka, ujue chanzo si hewa ya ukaa.

Swali la pili, ambalo mimi huliona zito zaidi: elektroni zimetoka wapi? Kutengeneza molekuli moja ya methani kunadai elektroni 8, ya methanoli 6. Zikitoka kwenye maji, oksijeni lazima ionekane na ipimwe. Mara nyingi huongezwa triethanolamini, kemikali inayojitoa kafara kujaza matundu, nayo huliwa kabisa. Hapo gharama imehamishwa, haijaondolewa.

"Itamaliza tatizo la tabianchi." Hesabu haikubali. Dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ya ukaa kila mwaka kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Methanoli inayozalishwa duniani ni tani milioni 100 na ushei, na kila tani ingemeza tani 1.4 hivi za gesi hiyo. Hata yote ikitengenezwa kwa mwanga, haifiki asilimia 1. Na ikichomwa kwenye injini, kaboni inarudi hewani. Faida iliyopo ni kutengeneza kemikali bila kuchimba kaboni mpya ardhini.