Moyo ukienda mbio, usikimbilie kusema presha

"Presha imenipanda." Shangazi yangu, muuza omena katika soko la Kibuye hapa Kisumu, husema hivyo kila moyo unapomwenda mbio. Siku moja jirani yake wa meza akamgawia vidonge vyake vya presha. Hapo ndipo niliposhtuka.

Moyo kwenda mbio si presha. Presha ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa, na mara nyingi hupanda kimyakimya, huijui mpaka upimwe. Mapigo ni jambo jingine. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Huzidi hapo kwa homa, chai kali, miraa, ujauzito, hofu, upungufu wa maji, hata dawa ya pumu ya kuvuta. Shangazi alipopimwa, presha ilikuwa sawa. Damu ndiyo iliyopungua. Tafadhali, msigawane vidonge.

"Ni mawazo tu." Huenda, na moyo wenye afya pia huruka pigo mara mojamoja. Lakini aseme hivyo aliyekupima, si aliyekuangalia usoni.

"Kijana hana ugonjwa wa moyo." Hili huniuma. Koo la mtoto likiuma kwa sababu ya bakteria fulani na lisitibiwe, linaweza kuzaa homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu vali za moyo, yaani milango ya kupitishia damu. Mapigo huvurugika miaka baadaye, wakati koo lenyewe limeshasahaulika.

"Nilipimwa ECG, sina kitu." Kipimo hicho hunasa sekunde chache tu za umeme wa moyo. Kama moyo ulikuwa umetulia, karatasi itaonyesha moyo uliotulia. Ndiyo maana wengine huvalishwa kifaa kwa saa 24 au zaidi. Nawe msaidie daktari: moyo ukianza kudunda, keti, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Mapigo yanafuatana sawasawa au yanapishana? Yalianza ghafla?

Ukizimia, kifua kikibana au pumzi ikikata, nenda hospitali papo hapo, na usijiendeshe pikipiki. Mapigo ya mbio yakikujia ukiwa katika kazi nzito, au kama kwenu kuna aliyefariki ghafla angali kijana, kapimwe hata kama yametulia.

Shangazi sasa huandika nyuma ya daftari lake la madeni. Mstari wa mwisho niliouona: "Jumanne, saa nne, nimeketi tu, 118."