Mabonge meupe si plasmidi

Wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini tulianza na ndizi. Unaponda ndizi ya Tukuyu, unatia sabuni ya vyombo na chumvi, unachuja, unamimina spiriti baridi taratibu, na nyuzi nyeupe zinaibuka. Darasa zima linapiga makofi. Hapo ndipo tunapoaminishwa kwamba kutoa plasmidi, yaani viduara vidogo vya DNA vilivyo nje ya kromosomu, kwenye bakteria ni mambo yale yale.

Sivyo. Kwenye ndizi unazoa kila kitu kwa mkupuo, RNA na utomvu wa tunda vikiwemo. Kwenye bakteria unatenganisha DNA na DNA: kromosomu ya E. koli yenye jozi za besi kama milioni 4.6, na kiduara kama pUC19 chenye jozi 2,686. Kikemia ni kitu kimoja. Tofauti iko kwenye umbo na ukubwa.

Umbo hilo ndilo lililotumiwa na watafiti Birnboim na Doly katika njia waliyoichapisha mwaka 1979. Kostiki soda na sabuni ya SDS hupasua seli na kuachanisha nyuzi mbili za DNA. Nyuzi za plasmidi hazina ncha, zimepitana kama pete za mnyororo, kwa hiyo ukipunguza ukali kwa asetati ya potasiamu yenye asidi zinarudiana mara moja. Kromosomu ndefu hujifunga mafundo na kunaswa pamoja na protini katika mabonge meupe kama mtindi.

Wanafunzi wakiona mabonge hayo hufurahi: DNA hiyo! Wengine humwaga maji ya juu. Masikini, plasmidi yote imekwenda na hayo maji. Mabonge ni takataka.

Wengine hushauri: “Tikisa kwa nguvu, utapata nyingi.” Utapata nyingi kweli, ila ya kromosomu, kwa sababu umeikatakata vipande vidogo visivyonaswa. Pindua tyubu polepole mara nne hadi sita, basi. Na usiiache kwenye kostiki zaidi ya dakika tano ukidhani unaipa muda wa kuiva; plasmidi nayo ikikaa sana hushindwa kurudia umbo lake.

Dhana inayotugharimu zaidi Mbeya na Iringa ni ile ya chupa “iliyoharibika”. Usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na maabara haina hita. Asubuhi moja nilikuta myeyusho wetu wa pili, ule wa kostiki na SDS, umekuwa mweupe kama uji, chini umeganda. Mwenzangu alishakwenda nao kwenye sinki. Kumbe ni SDS tu: haipendi baridi, hujitenga na maji. Tuliiweka chupa kwenye maji ya nyuzi 37, kifuniko kikiwa kimekazwa kwa sababu kostiki hufyonza kabonidioksidi ya hewani, na baada ya muda ikang'aa kama maji ya kisima. Ukiutumia ukiwa umeganda, seli hazipasuki vizuri, kisha unailaumu bakteria. Vitabu vingi vinasema “joto la chumba”, na nahisi waandishi hawakuwa na chumba cha Makete akilini.

Mashine ya kupima wingi wa DNA kwa mwanga ikisoma namba kubwa, usishangilie bado. RNA nayo hufyonza mwanga wa nanomita 260, hivyo sampuli isiyotiwa kimeng'enya cha kula RNA itaonekana tajiri. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa ule wa 280 ukikaribia 1.8 ni dalili njema ya usafi, ukifika 2.0, shuku RNA, kisha uthibitishe kwa jeli, ambamo umeme huvuta DNA na kuipanga katika mistari.

Kwenye jeli yenyewe, mistari miwili au mitatu si lazima iwe uchafu. Plasmidi iliyojisokota hukimbia mbele, iliyokatika uzi mmoja hubaki nyuma, na iliyonyooka mara nyingi huwa katikati. Lakini sampuli ikielea na kutoka kishimoni badala ya kuzama, hapo jeli haina kosa: ethanoli ya kuoshea haikukauka. Siku nyingine zungusha kolamu, kile kichujio kinachonasa DNA wakati wa kuoshea, ikiwa tupu kwa dakika moja au mbili kabla ya kutia maji ya mwisho ya kuitoa DNA.