Nafuta macho, nyusi sizigusi

Mtu akiniletea picha yake nimchoree sura ya mistari michache na rangi bapa, huuliza: ukiondoa macho, nani atanijua? Watakujua, mradi nyusi zako zibaki. Mwaka 2003 watafiti Sadr, Jarudi na Sinha walichapisha utafiti wa picha za watu mashuhuri. Baadhi ya picha zilifutwa macho, nyingine nyusi. Watazamaji walikwama zaidi kwenye sura zisizo na nyusi. Ndiyo maana mimi hufuta macho bila wasiwasi, ila nyusi nazichora kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote usoni.

Kazi yenyewe huamuliwa na picha uliyoleta. Selfi ya karibu inanipa taabu: simu ikiwa sentimita thelathini tu kutoka usoni, pua hujaa na masikio hukimbilia nyuma. Lawama si ya lenzi, ni ya umbali. Mwombe mwenzako akupige picha akiwa hatua mbili tatu mbali nawe, mwanga wa dirisha ukikujia kwa ubavuni. Flashi isiwake, maana inafuta kivuli cha shavu na cha chini ya kidevu, na mimi bila kivuli hicho sina pa kushika. Zile programu za kulainisha ngozi nazo ziache kwanza.

Kwenye kompyuta naiweka picha katika tabaka la chini, naipunguza ukolezo hadi iwe hafifu, kisha naifunga isisogee. Kabla ya kuchora nafinya macho na kuitazama kwa muda. Kinachobaki kuonekana macho yakiwa nusu yamefumba ndicho nitakachochora: umbo la nywele, ukingo wa taya, kivuli cha shingo, labda fremu ya miwani.

Natumia Inkscape, programu ya bure ya kuchora kwa vekta, yaani kwa mistari na maumbo badala ya pikseli. Mikunjo yake ni ya Bézier, yule mhandisi wa Renault aliyeitumia kubuni bodi za magari. Mkunjo mmoja unahitaji nukta mbili tu, moja kila ncha, na vishikio vya kuuvuta. Anayeanza hutia nukta ishirini kutoka sikioni hadi kidevuni, na taya linatoka na mabonde kama limeumwa na nyuki. Mimi hutia tatu au nne: chini ya sikio, kwenye kona ya taya, kidevuni. Mstari ukikataa kufuata picha, nasogeza kishikio kwanza kabla ya kufikiria kuongeza nukta.

Kwenye rangi nina ubishi wangu. Wengi wakitaka kivuli juu ya ngozi nyeusi huongeza rangi nyeusi, basi uso unageuka majivu. Mimi huchukua rangi ya ngozi, naitia giza huku naisogeza kuelekea wekundu au zambarau. Rangi tatu zinatosha: ngozi, kivuli, na mng'ao mdogo juu ya shavu, ambao mara nyingi naishia kuufuta.

Kuna kazi moja bado inanichoma. Dada mmoja alitaka sura ya baba yake, nikaichora kuanzia kifuani kwenda juu. Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Nikadhani mzee alikaa vibaya siku ile, nikayasawazisha. Nilipomtumia, akajibu: "Kaka, umechora vizuri, lakini huyu si baba." Tukahangaika na pua, tukahangaika na ndevu, siku nzima. Jioni nikarudisha bega lilipokuwa. Akanipigia simu papo hapo. Kumbe mzee alikuwa hivyo maisha yake yote.

Siku hizi, kabla sijanyoosha chochote kilichopinda, namuuliza mwenye picha. Nikimaliza naipunguza sura hadi iwe ndogo kama ukucha na kumtumia mtu anayemfahamu mhusika, bila kumtajia jina. Akimtaja, natoa faili mbili: SVG, inayokuzwa bila kuchakaa, na PNG ya pikseli 2480 kwa 3508 kwa anayetaka kuichapa kwenye karatasi ya A4.