Je, Wajua Kwa Nini Mkunga Mmoja Hatoshi Leba Tatu?

Shika saa yako ukae kando ya kitanda cha leba katika hospitali yoyote ya umma hapa Nairobi. Mlango wa kizazi wa mama umefunguka sentimita tano, uchungu umekolea. Kila nusu saa mkunga anatakiwa aweke kiganja juu ya tumbo na kuhesabu mikazo kwa dakika 10. Mkazo ukipita, anasikiliza moyo wa mtoto kwa dakika nzima. Kisha ananawa mikono na kujaza patografu, ile karatasi ya miraba inayoonyesha leba inavyokwenda. Zote hizo ni kama dakika 12.

Haya, piga hesabu. Akina mama wawili ni dakika 24. Watatu ni 36, na nusu saa ina 30 tu. Hapo hatujagusa kupima presha, anayetapika, wala aliyeshuka kwenye teksi mtoto akichungulia. Tena mmoja akianza kusukuma, moyo wa mtoto husikilizwa kila dakika tano, kwa hiyo mkunga habanduki hapo. Wale wawili wameachiwa nani?

Ndiyo maana ukienda ukiwa na sentimita tatu utaambiwa, "Mama, tembea tembea kwanza." Wengi huchukulia ni dharau. Mara nyingi si dharau: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unahesabu leba yenyewe kuanzia sentimita tano, na kutembea hakumdhuru mama mwenye afya. Matusi ndiyo hayana mwongozo wowote, na uchovu wa zamu si kisingizio.

Msongamano huu una historia. Pumwani, hospitali ya uzazi ya tangu 1926, imezalisha vizazi vya wana Nairobi, lakini nchini kwa jumla wanawake wengi walikuwa wakijifungulia nyumbani. Juni 2013 serikali ikafuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Mwaka 2014, uzazi uliosimamiwa na mtaalamu ulikuwa asilimia 62 hivi. Kufikia 2022 ulikuwa asilimia 89. Ni hatua kubwa. Ila akina mama walifika kwa kasi ambayo ajira ya wakunga haikuifikia. Na si kwamba Kenya haina watu wa kuajiri: vyuo vinatoa wahitimu, wengine wanakaa nyumbani wakingoja kaunti itangaze nafasi, wengine wanapanda ndege kwenda Uingereza.

Je, mashine haiwezi kusikiliza badala yake? Ile inayofungwa tumboni na kuchapa mchoro wa moyo mfululizo ipo, na ina kazi yake kwa mimba yenye hatari. Kwa mama mwenye afya, utafiti umeonyesha inaongeza upasuaji bila kupunguza vifo vya watoto. Sikio la mkunga kwenye kile kipembe cha Pinard, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1895, bado halijapitwa. Na angalia mkono wake wa pili: umeshika kifundo cha mkono wa mama, ili asije akahesabu mapigo ya mama akidhani ni ya mtoto.

Kifaa kinachonipa matumaini hakitumii hata umeme. Ni mfuko wa plastiki wenye alama za kipimo, unaotandikwa chini ya mama mtoto akishatoka ili kupima damu inayomtoka. Damu ya nusu lita ikishalowa kwenye shuka huonekana kidogo kuliko ilivyo, na macho ya mtu aliyekesha hudanganyika upesi. Mfuko ukionyesha mstari wa nusu lita umepitwa, mkunga anafanya yote kwa mkupuo: kusugua mji wa mimba, sindano za kuukaza na za kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, dripu, kukagua inakotoka. Majaribio katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, yaliyochapishwa 2023, yalipunguza utokaji wa damu wa kutisha na madhara yake kwa asilimia 60.

Lakini mfuko haujisomi. Lazima mtu ainame autazame kila baada ya dakika chache katika saa ile ya kwanza, na ndiyo saa ambayo kitanda cha jirani kinaita, "Sista, anakuja!"